Pro Tools, Cubase, Logic, FL, Reaper: kwa nini studio kubwa zimeng'ang'ania moja?

Fundi_Mitambo (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Kila wiki humu mtu anauliza programu gani ya kurekodi ni bora halafu majibu yanageuka ushabiki wa Simba na Yanga, sasa leo naomba tuliangalie kwa upande mwingine. Sio ipi ni bora. Ni kwa nini ukiingia studio za kukodi za Los Angeles, Nashville au London, na karibu chumba chochote cha sauti za filamu, yaani soko la kitaalamu, unakuta Pro Tools, wakati huku kwetu ngoma kibao zimezaliwa kwenye FL Studio, Cubase au Logic na zinapigwa kila redio?

Ubora wa sauti tuutoe mezani mapema. Chukua faili moja la WAV la biti 24, liingize Reaper na uliingize Pro Tools, usiweke plagini (programu ndogo za efekti) yoyote, fada kwenye sifuri, sheria ya pan iwe sawa pande zote, toa faili mbili halafu zipange sambamba na ugeuze fezi ya moja. Zikiwa sawa zinafutana, utapata kimya. Programu yenyewe haina joto wala ubaridi, hivyo vitu viko kwenye maiki, chumba, priampu na masikio ya anayekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo mimi jibu nalitafuta kwenye historia. Digidesign ilikuwa kampuni ya California ya jamaa wawili, Peter Gotcher na Evan Brooks, walianza kwa kuuza chipu za sauti za ngoma za kubadilisha kwenye mashine ya E-mu Drumulator. 1989 wakatoa Sound Tools, ya stereo tu. 1991 ikaja Pro Tools ya kwanza, treki 4, dola 6,000, na Macintosh juu yako. Treki 4! Wakati huo studio kubwa zina mashine za kanda za inchi 2 zenye treki 24 na Sony anauza ya dijitali ya treki 48. Kwa nguvu ilikuwa inaachwa mbali sana.

Walichofanya wale jamaa ni kukubali mapema kwamba kompyuta za wakati ule haziwezi kazi, wakaweka kadi zao ndani ya Mac zenye chipu za Motorola ambazo kazi yake ni hesabu za sauti tu. Kompyuta inachora skrini, sauti inabebwa na kadi. Hapo ndio kuna siri yote kwa maoni yangu, maana msanii akiimba sauti yake inapita kwenye kadi na kumrudia kwenye hedifoni bila kuchelewa kunakosikika. Kompyuta bila kadi, ukiweka baffa (fungu la sauti linalosubirishwa kabla ya kufanyiwa hesabu) ya sampuli 512 kwenye 44.1 kHz, unakula karibu milisekunde 12 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, mwimbaji anaanza kukaa nyuma ya biti bila kujua kwa nini na wewe unaanza kumlaumu hana taimingi. Studio inayolipisha kwa saa haiwezi kucheza na hilo. Miaka mingi kitu pekee kilichokupa treki nyingi, plagini na kurekodi papo hapo bila wasiwasi kilikuwa mfumo wa TDM wa Digidesign, yaani hizo kadi zao, na 2002 ukaja mrithi wake, HD. Mashine za bei kali, lakini ukishanunua zinalipa.

Mimi binafsi nimetumia Cubase, nikaja Logic, sasa kazi inanilazimisha Pro Tools. Kutengeneza wimbo kuanzia mwanzo Logic inanifurahisha zaidi. Kukata na kusafisha sauti Pro Tools haina mpinzani. Leteni maoni, haswa wale mnaofanya kazi na watu wa nje.

BitiKali (Mwanza)

Mkuu heshima kwako lakini hiyo "soko la kitaalamu" ni nani kaipima? Mimi naishi kwa mabiti, nalipa kodi ya nyumba kwa FL Studio, si mtaalamu? FL imetoka Ubelgiji, Image-Line, wakati inaitwa FruityLoops 1997 watu wazima walisema ni ya watoto, leo hip hop ya dunia, trap, amapiano, singeli, vyote hivyo nenda kaangalie skrini za maprodyuza utaona rangi zile zile. Na ukinunua mara moja apudeti bure maisha yako yote, sio huyu Avid, mwenye Pro Tools, anayekukata kila mwaka.

Faida yake iko hivi. Ninachosikia kichwani nakiweka kwenye vile vibox vya step, kiki hapa, sneya hapa, haihati najaza, dakika chache kuna kitu kinazunguka na msanii anaanza kunung'unika melodi kabla sijamaliza. Pro Tools nikiifungua naona kanda tupu, inanisubiri nirekodi kitu ambacho sina bado.

Lakini niseme na upande wa pili, kuna label moja ya nje ilichukua biti yangu wakataka "sesheni" (mradi mzima wenye treki zake zote) sio stereo, nikawatolea treki moja moja WAV, ikabidi nipite kila chaneli ya miksa kuangalia nini kimeunganishwa wapi, saidichini (sauti nyingine kushuka kila kiki ikigonga) imefungwa kwenye kiki, ukitoa treki peke yake ule mdundo wa kupumua unapotea. Usiku mzima. Wao kule walitaka wafungue tu na kuendelea. Hapo ndio nilielewa kwa nini wanang'ang'ania kitu kimoja, ingawa bado biti sitengenezi humo.

mkono_wa_kanda (Leicester)

Vijana salaam. Mimi niko Uingereza siku hizi ila kazi niliianza enzi za kanda, kwa hiyo naomba niongeze kitu ambacho mtu asiyewahi kushika wembe hawezi kukiona.

Kukata kanda ya inchi 2 ilikuwa hivi. Unazungusha riili kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma, mpaka unasikia mwanzo wa kiki ukipita kwenye kichwa cha mashine. Unaweka alama kwa penseli ya nta. Unailaza kanda kwenye kibao chenye mfereji, unakata mshazari kwa wembe, unaleta kipande kingine, unabandika kwa utepe wake maalumu. Ukikata umekata treki zote 24, hakuna kusema nataka kuhamisha vokali peke yake. Na ukiharibu ndio umeharibu mkanda halisi wa msanii. Sasa mtu anakuletea skrini, sauti unaiona kwa macho, unakata treki moja, unaisogeza kidogo, haikupendezi unarudisha, na faili la asili halijaguswa kabisa. Ile treki 4 isikudanganye Fundi, watu hawakuinunua kurekodi bendi nzima. Walikuwa wanahamisha vokali kutoka kwenye kanda, wanaihariri kwenye Mac, wanairudisha kwenye kanda. Iliingia studio kama kifaa cha kuhariri, ikakaa pembeni ya mashine kubwa, kila mwaka inaongezeka treki mpaka siku moja watu wakagundua kanda hawaiwashi tena.

Halafu iliundwa ifanane na tulichokizoea. Dirisha moja ni kanda, dirisha la pili ni meza ya miksa yenye insati na sendi (njia za kupitisha sauti kwenye efekti) mahali pake. Enjinia wa miaka 50 aliikalia na akajua mkono uende wapi. Programu za Wajerumani, Cubase na Logic, zilianzia kwenye MIDI (maagizo ya nota, sio sauti yenyewe), ukizifungua unaona nota na paterni, sisi wa kanda zilitupa shida.

Na msisahau mauti ya wengine. Studio Vision ya Opcode iliunganisha MIDI na sauti kwenye programu moja tangu 1990, Gibson akainunua kampuni 1998, mwaka uliofuata kazi ikasimama. New England Digital wenye Synclavier, chombo cha matajiri kweli kweli, walianguka mwanzoni mwa miaka ya 90. 2002 Apple akanunua Emagic, wenye Logic, watumiaji wa Windows wakaachwa barabarani mwaka huo huo. Cool Edit Pro ambayo najua wengi wenu huko mliijua sana ikachukuliwa na Adobe 2003 ikawa Audition. Mwenye studio anayaona haya yote halafu anaulizwa aweke fedha zake wapi. Anaweka pale ambapo miaka kumi ijayo faili lake litafunguka.

Kilichofunga mjadala ni 1999. Wimbo wa Ricky Martin, "Livin' la Vida Loca", ulipokamata namba moja Marekani ukawa ndio wa kwanza kufika pale ukiwa umerekodiwa, umehaririwa na kumiksiwa wote ndani ya Pro Tools. Kabla ya hapo bado kulikuwa na watu wanasema kompyuta ni ya demo.

Cubase_Arusha

Shikamoo mzee. Somo zuri ila nimtetee Mjerumani kidogo. Cubase ilitoka 1989 kwenye Atari ST, kompyuta iliyokuwa na matundu ya MIDI imejengewa ndani tangu 1985, bei yake mtu wa kawaida Ulaya aliimudu. Wakati Digidesign anauza kadi kwa wenye pesa, Steinberg wa Hamburg 1996 akaleta VST, yaani plagini zinaendeshwa na prosesa ya kompyuta yenyewe, na akaufungua mlango mtu yeyote atengeneze. Plagini zote mnazozitumia leo nyumbani baba yake ni huyo. Kwa hiyo nani ametawala? Kwenye studio za kukodi ni Pro Tools, lakini namna dunia inavyotengeneza muziki leo, kila kitu ndani ya laptopu moja, hiyo ni njia ya Steinberg.

Na jamani tuseme ukweli, Pro Tools imechelewa mambo mengi mno. Kutoa wimbo haraka bila kuusikiliza wote kutoka mwanzo hadi mwisho walikuja kuweka 2013 kwenye toleo la 11, sisi wengine tulishazoea miaka na miaka. Dirisha la maana la MIDI lilikuja na toleo la 8, mwishoni mwa 2008. Kufidia ucheleweshaji wa plagini kwa mtu asiye na kadi za HD, 2010. Kampuni nyingine ikichelewa hivyo inakufa, hao walichelewa na wateja wakabaki. Sasa mtu akisema wametawala kwa sababu ni bora nashindwa kumuelewa.

Fundi_Mitambo

Cubase_Arusha hapo umenipa hoja badala ya kuniondolea. Wateja wamebaki ijapokuwa programu inachelewa, kwa sababu walichonunua sio programu peke yake. Ni kadi, intafesi, kontrola, shotikati ambazo vidole vimezikariri, na kubwa kuliko yote sesheni za miaka iliyopita. Fikiria studio ina diski zimejaa kazi za wasanii tangu mwaka 2000, label inapiga simu inataka toleo la ala tupu la wimbo wa zamani, unafungua, unazima vokali, unatoa, unalipwa. Ukihamia programu nyingine unaanza kuzigeuza moja moja.

Halafu walikuwa wajanja kwenye kitu kimoja ambacho watu hawakitaji. Waliruhusu programu za wapinzani zitumie kadi zao. Mwenye Logic, mwenye Studio Vision, mwenye Digital Performer, wote waliweza kununua mashine za Digidesign na kuzitumia chini ya programu yao. Kwa hiyo hata uliyemkataa alikuuzia chuma. Na watengenezaji wa plagini wakawafuata hapo hapo, Waves Q10 ya 1992 ilitengenezwa kwa Sound Designer, programu ya kuhariri ya Digidesign, Auto-Tune 1997 ilipotoka ilianza kama plagini ya TDM. Ukitaka ile kitu mpya inayozungumzwa na kila mtu unaipata kule kwanza.

Baada ya kumaliza wakubwa wakashuka kwa wadogo. Mbox, intafesi ndogo ya 2002, karibu dola 500, ina priampu za Focusrite na Pro Tools LE ndani ya boksi. LE walikukaba treki, 32 tu zamani zile, lakini faili lako ni lile lile la studio kubwa. Kijana anarekodi vokali chumbani Jumatatu, Jumanne anaingia na diski studio yenye HD wanafungua wanaendelea. Mpaka 2010 lilipotoka toleo la 9 ulikuwa huwezi hata kuiwasha Pro Tools ya kulipia bila kifaa chao au cha M-Audio ambayo nayo waliinunua 2004. Walifunga geti kwa chuma, wakalifungua pale ambapo kompyuta zimekuwa na nguvu na chuma hakina sababu tena.

NairobiPost (Nairobi)

Wasee mnazungumza muziki tu, na nusu ya hii story iko kwa filamu. Mimi nafanya sauti za filamu na series, wacha niwaambie vile iko.

Avid ndio walikuwa wafalme wa kukata video kwa kompyuta. Edita Walter Murch alichukua Oscar ya uhariri 1997 kwa filamu aliyoikata kwa Avid, mara ya kwanza hiyo tuzo kuenda kwa kazi iliyohaririwa kidijitali. Sasa hao Avid wakanunua Digidesign, deal ikafungwa 1995. Kwa hiyo mwenye kukata picha na mwenye kukata sauti wakawa kampuni moja. Edita akimaliza picha anatoa OMF, siku hizi AAF (faili za kuhamisha kazi yote kwenda programu nyingine), mimi nafungua kwa Pro Tools na kila kipande cha dayalogi kiko mahali kilikuwa, na mikato yake, na dakika na sekunde na fremu zinalingana na picha. Academy wenyewe waliwapa Digidesign Oscar ya kiufundi 2004 kwa ajili ya Pro Tools. Kwa filamu hakuna mtu hufanya kazi peke yake. Kuna wa dayalogi, kuna wa folei (kelele kama nyayo zinazoigizwa studio), kuna wa mazingira, kuna wa muziki, wote wanakutana kwa chumba kimoja cha miksi na sesheni zao zinapangwa juu ya nyingine. Mmoja akikuja na kitu tofauti wote mnalala hapo.

Hiyo ndio sababu hata mteja akikuja hapa Nairobi kutoka nje, karatasi ya kazi imeandikwa anataka sesheni ya Pro Tools pamoja na stemu (mafungu ya sauti) za dayalogi, muziki na efekti. Hakuniuliza napenda nini. Naeza fanya dayalogi yangu vizuri kabisa kwa Nuendo, Steinberg waliitengeneza kwa kazi hii na ni nzuri, wenzangu wa Ulaya wako nayo. Na Fairlight imeingia kwa DaVinci Resolve tangu 2017 baada ya Blackmagic kuinunua, toleo la bure unapata picha na sauti kwa programu moja, kwa dokumentari ndogo natumia hiyo. Lakini karatasi ni karatasi.

Sauti_ya_Pwani (Mombasa)

Assalam aleikum jamaa. Mimi niko na Reaper na sitoki. Nawasikia mwazungumza treki na gridi, kazi yangu ni taarab, kasida na wazee wa udi, na huku hakuna kliki (mlio wa kuhesabu mapigo). Mpiga kanuni hakubali kuwekewa kliki masikioni, wimbo waanza polepole, ukifika kwenye kiitikio wapanda wenyewe, ukimaliza umeongeza kasi na hakuna aliyegundua. Ukileta Beat Detective, ile zana ya Pro Tools ya kunyoosha mapigo, hapa uipange kwenye gridi umeua wimbo. Kwa hiyo zile sifa mwazotaja za Pro Tools nyingi zimejengwa kwa ngoma za studio za kule, miye mahitaji yangu ni kurekodi watu wanane kwa pamoja, kukata kikohozi cha mzee, kuunga mwanzo wa teki (rekodi ya mara moja) ya pili na mwisho wa teki ya kwanza bila kiungo kusikika, basi.

Reaper yafanya yote hayo. Wamiliki wake ni Cockos, kampuni ya Justin Frankel yule yule aliyetengeneza Winamp. Leseni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo, 225 kwa biashara kubwa, na hiyo leseni yavuka toleo zima jipya kabla hujalipa tena. Yafunguka haraka, faili la kuinstoli ni dogo mno hata kwa bando la simu walipakua, laptopu yangu ya zamani yabeba treki 40 bila kulia. Hayo kwetu si mambo madogo. Bei hizi za dola watu waziongea kama kwamba sote twalipwa dola.

Ila Fundi nakubaliana nawe kwa jambo moja. Nilipotaka mtu wa ng'ambo animiksie albamu ya kasida, hakuna hata mmoja aliyeniuliza natumia nini, wote waliniambia tu nitume WAV, zote zianze mahali pamoja. Yaani kwa upande wa muziki kile kifungo chenu kimelegea. Kwa filamu sijui, hayo ni ya ndugu yetu wa Nairobi.

BitiKali

Dada Sauti_ya_Pwani umemaliza. Na mimi nasema hivi, Finneas na dadake Billie Eilish albamu yao ya 2019 waliitengeneza chumbani nyumbani kwao kwenye Logic, wakabeba Grammy 2020. Programu ya dola 200 unalipa mara moja, apudeti bure tangu 2013. Mlinzi wa geti amebaki na geti lakini ukuta haupo tena.

mkono_wa_kanda

BitiKali, geti limehama kijana wangu. Kutengeneza ni popote, hilo limeisha. Lakini angalia kazi inapoishia: msanii mkubwa, kwaya kamili, orkestra ya watu 60 kwenye studio za London kama Abbey Road au AIR, kila saa ni pesa za kutisha. Umeketi nyuma ya kompyuta, mpiga fidla amekosea baa ya 43, kondakta anasema turudie kutoka 41, unatakiwa urudishe, uingie kurekodi katikati, utoke, uhifadhi teki zote kwenye pleilisti, uwe tayari kabla hajashusha mkono. Treki 90 zinarekodi kwa mpigo. Hapo enjinia hatafuti programu yenye vitu vingi, anatafuta ile ambayo haijamwangusha na ambayo msaidizi yeyote wa studio yoyote anaijua. Ukiumwa leo anakaa mwingine, kazi inaendelea na hakuna aliyeuliza swali.

Pleilisti hizo ndizo zinazonifanya mimi mwenyewe nisihame. Mwimbaji ameimba mara kumi, teki zote zinajipanga chini ya treki moja, unasikiliza mstari mmoja mmoja, hapa neno la tatu limetoka vizuri kwenye teki ya 4, unalichagua linapanda juu, pumzi unaichukua kwenye teki ya 7, unaweka fedi ndogo kwenye kiungo. Logic na Cubase na Reaper wote wana namna yao siku hizi na nyingine ni nzuri sana, ila mkono wangu ushazoea huku kiasi kwamba sifikirii tena nabonyeza nini.

Cubase_Arusha

Mzee hapo umesema kitu ambacho hakuna kampuni inaweza kukiiga kwa apudeti. Wasaidizi wote wanaijua. Na wanaijua kwa sababu vyuo vinafundisha hiyo, na vyuo vinafundisha hiyo kwa sababu studio zinaajiri wanaoijua. Tundu la kutokea halipo.

Ila mimi naona nyufa. Usajili wa kila mwaka ulioanza na toleo la 12, 2015, uliwaudhi watu wengi. 2023 Avid yenyewe imenunuliwa na STG, wawekezaji binafsi, kwa takriban dola bilioni 1.4, na wawekezaji wa namna hiyo wanataka hela yao irudi haraka. Mwaka huo huo Bitwig na PreSonus wakatoa DAWproject, fomati huria ya kuhamisha sesheni nzima kutoka programu moja kwenda nyingine, pamoja na fada, otomesheni na plagini. Kitu kama hicho kikikubalika na wote, ile sababu ya "faili langu litafunguka wapi" inapungua nguvu. Cubase nao dongo la USB (kile kifaa cha leseni cha kuchomeka) walilitupa 2022 kwa hiyo hata kero ile imekwisha.

Mwanafunzi_Sauti (Dodoma)

Wakuu naomba kuuliza, mimi niko mwaka wa kwanza, chuoni kwetu kompyuta chache zina Pro Tools na tunapanga foleni. Nyumbani nina laptopu ya Windows ramu 8, bajeti yangu ni ndogo sana. Ndoto yangu ni sauti za filamu sio mabiti. Marafiki wananiambia niweke kraki tu. Nianze na ipi?

Fundi_Mitambo

Mdogo wangu kraki achana nayo, sio mahubiri, ni kazi. Pro Tools ya kuiba inakwama kila mahali, iLok (ufunguo wa leseni) inaangaliwa, plagini nusu hazifunguki, na siku ya dedilaini ndio itakataa kuwaka. Kwa ndoto yako huna namna ya kuikwepa Pro Tools, ila huna haja ya kuilipia leo. Kuna Pro Tools Intro, ya bure, inakupa treki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI. Nane ni chache ila kwa kujifunza kukata dayalogi zinatosha kabisa, shotikati ni zile zile. Kariri zile za herufi moja moja, A inakata kila kilicho kushoto mwa kasa (ule mstari wa kuonyesha ulipo), S kilicho kulia, B inatenganisha, washa kile kitufe cha kibodi cha a-z kwenye dirisha la edit ndio zinafanya kazi. Ukizishika hizo mwaka wa kwanza, siku ukipata nafasi kwenye chumba chenye mtu analipa, watakuona unajua hata kama umefanyia mazoezi treki nane.

Ukianza kulipwa, Artist walipoitoa 2022 ilikuwa dola 99 kwa mwaka, Studio 299. Au chukua usajili wa mwezi mmoja mmoja: lipia mwezi ule tu wenye kazi, mwezi bila kazi usilipe.

Sauti_ya_Pwani

Na kando yake weka Reaper mwanangu, siku 60 za kujaribu bila kufungiwa kitu chochote. Miradi yako mikubwa fanya huko, ile Intro iwe ya kuzoeza vidole.

NairobiPost

Naongeza ya filamu. Pata pia Resolve ya bure juu utahitaji kufungua picha na kuelewa edita anatoa nini. Ramu 8 itasumbua kiasi, tumia video ndogo za proksi. Halafu zoea mapema haya: kila kitu 48 kHz, biti 24, sio 44.1. Uliza fremu ni ngapi kabla ujafungua chochote, 24 au 25, ukikosea hapo midomo itatoka nje ya sauti ndani ya sekunde chache. Edita akikutumia AAF mwambie aache ziada ya sekunde kadhaa kila upande wa kipande ndio upate nafasi ya kufedi na kutafuta sauti ya chumba. Na kabla hata ya hiyo AAF mwambie akutumie video yenye namba za taimukodi zimechomwa kwa picha, na ile bipu fupi inayolia sekunde mbili kabla ya fremu ya kwanza. Bipu ikianguka sekunde mbili kamili kabla ya hiyo fremu, endelea na kazi. Ikikataa kulingana, usiguse kitu, mpigie edita simu.